Herufi haionekani kwenye kamusi

SWALI: Assalamu alaykum. Nasoma Kichina skuli hapa Wete. Herufi 河, "mto", ina nukta tatu kushoto. Katika kamusi ya zamani ya Kichina iitwayo Kangxi nimeitafuta kundi la mistari 3 (mistari ya kalamu), siioni. Nakosea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam. Hesabu yako sawa, ila kamusi hiyo ya 1716 ina utaratibu wake: mashina 214, yaani sehemu za msingi ambazo herufi hupangwa chini yake. Nukta zile ni 水, "maji", iliyofupishwa, nayo huhesabiwa kwa umbo kamili, mistari 4. Fungua shina la 85, kisha hesabu kilichobaki: 可, mistari 5. Humo utaiona. Kamusi nyingi za leo za China huweka 氵 kwenye 3, ndiyo maana wanafunzi huchanganyikiwa. Na kisanduku 口 kilichomo ndani ya 可 ni mistari 3, si 4. Kwenye kona ya juu kulia kalamu haiinuliwi, kwa hiyo huhesabiwa mstari mmoja.