Kupenda dansi la zamani si uzee

Mdogo wangu, unasema sekondari ulikuwa mtu wa Bongo Fleva tu, sasa unashinda na wanamuziki wa dansi la zamani, Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania na Franco wa Kongo, na kila wimbo unaotuma kwenye kundi la WhatsApp unapita kimya. Unauliza kama umezeeka kabla ya wakati.

Hujazeeka. Masikio yanakua kama ulimi: utotoni pipi, baadaye mtu anaulizia pilipili. Na Bongo Fleva zako bado unazijua mstari kwa mstari, nina hakika.

Shida yako naiona kwenye kutuma. Nyimbo nyingi za TPOK Jazz, bendi ya Franco, za miaka ya 1980 zinapita dakika 10. Kwanza masimulizi ya taratibu, halafu magitaa yanashika kasi, sebene linaingia, ile sehemu ya kuchezea. Aliyezoea wimbo wa dakika 3 anakuwa ameshafunga kabla utamu haujafika! Basi mwandikie wapi pa kuanzia: "Nenda sebene linapoingia, fuata gitaa la solo." Akinogewa atarudi mwanzo mwenyewe. Kwa vile Franco anaimba zaidi Kilingala, dokeza na kisa chenyewe kwa sentensi moja. Mbaraka ni mwepesi zaidi, Kiswahili chake kinajieleza, kwa hiyo ningeanza naye.

Tena mtumie mtu mmoja wimbo mmoja, faragha. Kundini kila mtu anadhani mwenzake atasikiliza (hata mimi hupita tu). Nao wakikuletea singeli, isikilize hadi mwisho kabla hujaiita kelele.