Panga wasafirishaji wako kwa mji, usiwapange kwa jina la kampuni

Nauza madera na mashuka kupitia Instagram na WhatsApp. Mzigo nachukua Kariakoo, lakini wateja wangu wengi wako mikoani. Mwanzoni orodha yangu ya wasafirishaji ilikuwa majina tu kwenye simu: "Basi Mwanza", "Basi Mbeya 2", "Kaka wa parseli". Siku ya kutuma nilimpa mzigo yeyote aliyewahi kupokea simu.

Dada mmoja wa Kahama aliagiza madera sita ya sare ya harusi. Nikamkabidhi mtu wa basi la Mwanza, akanihakikishia wanapita huko. Hawapiti. Ukifika Tinde njia zinaachana: wa Mwanza wanashika ya Shinyanga, wa Kahama wanaelekea Isaka. Mzigo uliteremshwa Tinde usiku, yule dada akapanda gari kuufuata. Nilimrudishia nauli, ila hajanunua kwangu tena, na simlaumu hata kidogo.

Ndipo nikanunua daftari na kupanga upya kwa miji. Kila mji una ukurasa wake. Juu naandika magari yanayoishia pale, chini yake yanayopita. Msiidharau tofauti hii, jamani. Gari linaloishia mjini huwa na ofisi, na parseli hulala stoo mpaka mwenyewe aje na kitambulisho. Linalopita linasimama dakika chache, na mteja akichelewa, parseli inaendelea na safari. Mzigo wa Songea siupakii tena gari la Mbeya eti ushushwe njia panda ya Makambako, labda mteja awe na ndugu pale.

Namba ninayoitunza kuliko zote ni ya ofisi ya kule mzigo unakofikia. Ya Dar ukiipoteza, unakwenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi unauliza. Lakini saa nne usiku mteja akikwambia haoni mzigo, anayeweza kukusaidia ni yule aliyeko Tabora au Bukoba. Pembeni ya namba hiyo naandika saa ya mwisho ya kupokea mizigo na jinsi wanavyotoza, maana wengine wanapima kilo, wengine wanakadiria kwa macho. Unguja na Pemba nimezitenga kurasa mbili, kwani boti za Pemba hazina ratiba moja na za Unguja. Posta, kwa huduma yao ya haraka ya EMS, naiandika kila mji wa mkoa kama njia ya pili.

Mteja simtumii daftari lote. Namwandikia mji wake, mahali pa kuchukulia, siku ya kufika na gharama, kisha namtumia picha ya risiti yenye namba ya gari mzigo ukishapakiwa.

Kila ukurasa una tarehe niliyouhakiki. Ukipita miezi mitatu, napiga simu kwanza kabla sijamwahidi mtu chochote.