Milango ikifungwa, uliza nani ana ufunguo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mchezaji wa mpira wa kikapu anayelipwa mamilioni ya dola ana haki ya kugombania mshahara na mwajiri wake, na kama sisi mashabiki tuna sababu ya kumuunga mkono. Najibu ndiyo kwa yote mawili, huku nikijua kwamba wengi ninaoishi nao hapa Kampala hawakubaliani nami.

Jirani yangu anayeuza vipuri katika soko la Kisekka ni mmoja wao. Huyu ni mtu anayeamka saa tisa na nusu usiku kutazama fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na saa moja asubuhi yuko dukani. Hoja yake naiheshimu: mtu anayepata kwa mwaka mmoja pesa ambazo ukoo mzima hautazishika, anagomea nini? Akisema hivyo kibandani, wote wanaitikia. Lakini mwaka 2011, ambao ndio anaopenda kuutaja, wachezaji hawakugoma. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji ulikwisha, na tarehe 1 Julai wamiliki wa timu wakafunga milango. Mishahara ikasimama, viwanja vya mazoezi vikafungwa, hata makocha wakakatazwa kuwasiliana na wachezaji wao. Ligi ilianza siku ya Krismasi, kila timu ikacheza mechi 66 badala ya 82. Mwaka 1998 ilikuwa vivyo hivyo: walifungiwa Julai, wakarudi uwanjani Februari 1999, wakacheza mechi 50 tu. Mara zote mbili lawama nyingi zilimwangukia mchezaji, kwa sababu sura yake tunaijua na ya mmiliki hatuijui.

Walichokuwa wakigombania ni mgawo. Mkataba wa zamani uliwapa wachezaji asilimia 57 ya mapato ya mchezo. Ligi ikasema timu 22 kati ya 30 zinapata hasara, na mwisho wa mvutano wachezaji wakashuka hadi karibu nusu kwa nusu. Sasa niambieni, zile asilimia zilizokatwa zilimfikia shabiki gani? Zilitoka mfuko mmoja zikaingia mwingine, na mfuko wenyewe haukuwa wa maskini. Mwaka 2014 timu ya Clippers iliuzwa dola bilioni 2. Celtics, iliyonunuliwa dola milioni 360 mwaka 2002, ilipewa thamani ya bilioni 6.1 ilipouzwa mwaka 2025. Mkataba wa matangazo ulioanza na msimu wa 2025/26 ni wa dola bilioni 76 kwa miaka 11. Pesa hizo zipo, mchezaji azichukue asizichukue. Na jirani yangu hajawahi kukesha ili amtazame mmiliki.

Michael Jordan mwenyewe anatufundisha jambo hapa. Katika mvutano wa 1998, akiwa upande wa wachezaji, alimwambia Abe Pollin, mmiliki wa Wizards, kwamba kama hawezi kupata faida basi aiuze timu. Ilipofika 2011 Jordan naye alikuwa mmiliki, ana timu ya Charlotte, na akahesabiwa miongoni mwa wamiliki waliokuwa wagumu zaidi kwa wachezaji. Sisemi ni mnafiki. Nasema kiti anachokalia mtu ndicho kinachompa hesabu zake, kwa hiyo nikisikia mmiliki analia hasara natazama kwanza amekaa wapi.

Ninaowapenda zaidi katika historia hii yote ni wale wa Januari 1964, jijini Boston, usiku wa mechi ya nyota, ile inayokutanisha wachezaji bora wa ligi. Chama chao kilikuwa na umri wa miaka kumi, kimeanzishwa na Bob Cousy mwaka 1954, na wamiliki walikuwa wakikizungusha tu. Wachezaji walitaka pensheni, walitaka na wataalamu wa tiba katika kila timu. Usiku ule kulikuwa na theluji, watu wamejaa uwanjani, televisheni ya taifa inasubiri kurusha mechi. Bill Russell, Wilt Chamberlain, Jerry West, Oscar Robertson na wenzao wakabaki chumba cha kubadilishia nguo, wakasema hatutoki. Mmiliki wa Lakers alituma ujumbe wa vitisho kwa Elgin Baylor, na Baylor hakutoka. Dakika zikayoyoma, watu wa televisheni wanatishia kuondoka, mpaka mkuu wa ligi, Walter Kennedy, alipoingia chumbani na kuwaahidi pensheni. Ndipo wakatoka wakacheza. Kilichonigusa ni kwamba waliohatarisha jina lao ni wale wakubwa, ambao wangeishi vizuri hata bila pensheni. Aliyeihitaji hasa ni mchezaji wa mwisho wa benchi. Robertson hakuishia hapo. Mwaka 1970 akaishtaki ligi kwa niaba ya wenzake, na maafikiano ya 1976 ndiyo yaliyomfungulia njia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha aweze kwenda timu nyingine. Kabla ya hapo alikuwa mali ya timu hata mkataba ukiisha.

Nakubali kwamba kuna watu wanaoumia bila kosa. Milango ikifungwa, mfagiaji wa uwanja, mwuza vyakula na mkaguzi wa tiketi wanalala njaa, na hao hawana bilioni za kusubiria. Hasira kwa ajili yao ni halali. Ila ipelekwe kwa aliyefunga mlango.

Na si wote wanaodai walio matajiri. Caitlin Clark alipoingia ligi ya wanawake ya WNBA mwaka 2024, mshahara wake wa mwaka ulikuwa dola 76,535, huku akijaza viwanja kila alipokwenda. Julai 2025 wachezaji wa mechi ya nyota kule Indianapolis waliingia uwanjani kupasha misuli na fulana zilizosema, kwa maana, tulipeni tunachowadai. Hapo hata jirani yangu alinyamaza.

Kwetu Uganda jambo hili tunalifahamu vizuri. Mwaka 2019 kule Misri, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, kabla ya mechi na Senegal, wachezaji wa Cranes, timu yetu ya taifa ya kandanda, waligomea mazoezi kwa ajili ya posho zao, na wakaitwa wasaliti na watu ambao wasingefanya kazi wiki mbili bila malipo. Kwenye kikapu tuna vipaji: Silverbacks, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya AfroBasket 2021, mashindano ya kikapu ya Afrika, na Ish Wainright aliyekuwa nao akaenda kuchezea Phoenix Suns ya NBA msimu ule ule. Huko alianza na mkataba mdogo, lakini ulikuwa umeandikwa na chama kilikuwa nyuma yake.

Mdogo wangu anacheza ligi ya wanawake hapa nyumbani. Nendeni Lugogo mkamwone kabla ya mechi: yeye na mwenzake wanagawana roli moja ya plasta ya kufungia vifundo vya miguu, wanaikata kwa meno, na wameinunua wenyewe. Alipoumia goti, klabu yake ilimwambia suala la matibabu litaangaliwa. Tukachanga nyumbani pesa za picha na za daktari. Kisha posho ya usafiri nayo ikakatwa, kwa sababu, walisema, hachezi. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha.

Ndiyo maana siwezi kumcheka tajiri wa Marekani anayeketi na mwanasheria kujadili asilimia. Utaratibu anaoutetea yeye ndio huo huo mdogo wangu anaoukosa: mkataba wenye sahihi, tarehe ya malipo inayojulikana, na mtu wa kulipia goti.

Goti limepona, na klabu imempigia simu arudi. Safari hii amewajibu kwa maandishi, akataja hayo matatu, na kusema atavaa jezi akishapata karatasi. Bado hawajamjibu. Lakini wenzake kadhaa wamemwomba nakala ya barua ile, nao waandike zao.