Kwa ninyi mnaoanza kupanda mlima kwa skii

Nimekulia Moshi. Theluji nilikuwa naiona kila mawingu yakifunguka asubuhi, lakini sikuwahi kuigusa mpaka nilipohamia Graubünden, mashariki ya Uswisi. Sasa ni mwaka wa saba. Wengi wenu mliofika karibuni mnaniuliza kuhusu skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, ile ya kupanda kwa nguvu zako mwenyewe, siyo ya kubebwa na lifti. Nitawaeleza kwa siku moja ya mwezi wa pili, siku niliyopanda mlima Chrüz na rafiki yangu, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyonifunza.

Rafiki yangu ni mtu wa Bukavu, aliletwa huku na wazazi wake akiwa mdogo, na anateleza tangu shule ya msingi. Mimi namzidi umri, ndiyo maana ananiita yaya, yaani mkubwa wake. Yeye ananizidi mlima.

Kwanza kabisa, msianzie huku. Mimi nilijifunza kwanza kwenye njia zilizolainishwa na mashine, misimu miwili mizima, mpaka nikaweza kusimama na kugeuka popote ninapotaka. Theluji ya porini haijapangwa na mtu: hapa laini, hatua tatu mbele ni ngumu kama sakafu. Asiyeweza kusimama kwa hiari yake ni hatari kwake na kwa mwenzake. Na vifaa msikimbilie kununua, kodini. Mkishaona mmeipenda, ngojeni masoko ya mitumba ya skii ya kila vuli, mtapata vitu vizuri kwa bei ya kawaida. Chama cha Milima cha Uswisi, kile cha tangu 1863, kina matawi karibu kila pembe ya nchi, na mengi yanafundisha wanaoanza. Jiandikisheni.

Safari huanza jioni ya jana yake. Taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko yake iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari saa 11 jioni, halafu tena saa 2 asubuhi, msimu wote wa baridi. Jioni ile taarifa ilisema daraja la 3 kwenye mbavu za upande wa kaskazini, na sababu yake ni tabaka dhaifu la theluji ya zamani. Madaraja ni matano. Mgeni akisikia 3 kati ya 5 anadhani ni katikati, kama alama ya wastani kwenye mtihani. Sivyo. La 5 hutokea mara chache sana, na la 4 likitangazwa wengi hubaki nyumbani. Daraja la 3 ndilo linalowakuta watu mlimani, na ndilo linaloua wengi zaidi katika nchi hii.

Baada ya taarifa tukafungua ramani ya serikali kwenye simu, tukawasha rangi za mteremko: njano kuanzia nyuzi 30, kisha chungwa, nyekundu, na zambarau juu ya nyuzi 45. Maporomoko ya aina ya bamba, tabaka gumu la theluji linalokatika kwa pamoja, yale yanayoua, karibu yote huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 na kuendelea. Basi mpaka uwe na uzoefu, kwenye siku ya daraja la 3 chora njia yako nje ya rangi. Angalieni pia maeneo ya utulivu wa wanyama. Swala wa milimani na ndege wa porini wanaishi kwa akiba ya mafuta mwilini wakati wa baridi, ukiwakurupusha wanaimaliza wakikimbia. Kuingia humo ni faini, lakini hata bila faini tusingeingia.

Asubuhi tukapanda treni mpaka Küblis, halafu basi la njano la posta mpaka St. Antönien. Kabla ya kupiga hatua tukapimana vifaa vya mawimbi vya kumtafutia aliyefukiwa na theluji, vile ambavyo huku kila mtu anaviita LVS. Mmoja anaweka chake kwenye kupokea, mwingine anapita mbele yake chake kikiwa kinatuma, kisha mnabadilishana. Dakika mbili tu. Kifaa kivaliwe mwilini chini ya koti, na simu ikae mbali nacho kwa sababu inakivuruga. Mgongoni kila mtu awe na koleo na fimbo ndefu ya kukunja ya kumtafutia aliyefukiwa. Naomba hili mlishike: aliyefukiwa ana kama dakika kumi hadi kumi na tano za matumaini makubwa, baada ya hapo nafasi yake inaporomoka. Helikopta ya Rega, shirika la uokoaji wa angani, unaipigia 1414, na lazima uipigie, ila mara nyingi itakuta dakika hizo zimekwisha. Mwokozi wako ni yule uliyekuja naye. Kwa hiyo fukieni mfuko wenye kifaa bustanini, mtafute, mchimbe, na mrudie mpaka mikono ijue kazi bila kufikiri.

Kupanda kwenyewe kunategemea ngozi zinazobandikwa chini ya skii. Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli, leo ni kitambaa cha manyoya ya mbuzi wa Angora na nailoni, upande mmoja una gundi ya kushika skii. Pitisha kiganja kuelekea nyuma, manyoya yanalala. Rudisha mbele, yanakusimamia kama mgongo wa paka aliyekasirika. Ndiyo maana skii inakwenda mbele na hairudi nyuma. Wanaoanza hunyanyua skii kama wanakanyaga tope la shamba la mpunga, wanachoka kabla ya saa moja. Usinyanyue, isukume. Na anza ukiwa unahisi baridi kidogo, kwa maana dakika kumi baadaye utakuwa umepata moto, na jasho la kupandia ndilo litakalokugandisha kileleni.

Tulikuwa tumekwenda kama saa moja na nusu, kwenye sehemu karibu tambarare, yeye mbele hatua kumi. Nikaikanyaga theluji, ikashuka. Sauti ilitoka chini, nzito, vuum, kama mtu kalitua gunia la mahindi kwenye sakafu ya mbao katika chumba cha pili. Ufa mwembamba kama uzi ukatoka kwenye ncha ya skii yangu ukaenda zake mbele, kwenye theluji ambayo hakuna aliyeigusa.

Nilikuwa nimefundishwa maana yake darasani. Chini kuna tabaka la chembe kubwa kama sukari, hazishikani. Juu yake limelala bamba gumu. Ukilikanyaga, tabaka la chini linabomoka, na kubomoka huko kunaweza kusafiri chini kwa chini mpaka kwenye ubavu mkali ulio juu yako au pembeni, hata kama wewe umesimama tambarare. Maporomoko tisa katika kumi yanayowafukia watu wa skii huanzishwa na wao wenyewe au wenzao. Yote hayo niliyajua. Na nilinyamaza.

Nilipiga hatua kama ishirini nimefunga mdomo. Nilikuwa najiambia, huyu ameanza skii kabla sijaona uwanja wa ndege, kama kuna neno atalisema yeye. Mnaijua adabu hiyo, tumelelewa nayo sote: mwenye kujua akitangulia, wewe unafuata, na kumhoji njiani ni kumvunjia heshima. Mpango wetu ulikuwa tushukie mbavu fupi ya kivulini, mahali penye theluji nzuri, ambayo kwenye ramani inagusa rangi ya njano. Yeye ndiye aliyeichagua. Tumbo langu likakataa.

"Mdogo wangu, simama. Umesikia ile sauti?"

Akageuka. "Nimesikia, yaya. Hata ile ya kwanza kule chini."

"Ya kwanza? Mbona hukusema?"

"Hiki ndicho kilele chako cha kwanza, na wewe ni mkubwa wangu. Nikaona nikisema turudi, nitakuvunja moyo."

Kumbe sote wawili tulikuwa tumebeba hofu ileile mgongoni, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Akachukua koleo, akachimba shimo la kufika kiunoni, akaukata ukuta wake ukawa wima. Akanipa kazi ya kuugusa kwa kidole kuanzia juu. Kidole kilikuwa kinakataa, kinakataa, mara kikazama bila kizuizi, na chembe zikamwagika kama chumvi iliyotoboka mfuko. Tabaka lenyewe halikuzidi upana wa vidole viwili. Tukaifuta mbavu ya kivulini. Tukafuata mgongo wa mlima ulio mpole mpaka juu, mita 2,195, tukakubaliana kuteremkia kwenye nyayo zetu wenyewe.

Kileleni fuateni utaratibu, upepo hautawapa nafasi ya kufikiri. Koti kwanza. Kisha ngozi moja moja, mkikunja gundi kwa gundi, mzitie kifuani ndani ya koti zisigande. Kisha buti zikazwe kwa kuteremkia; mimi nilisahau, nikajua kwenye kona ya kwanza, kifundo kilipokuwa kinacheza. Mteremko ulituchukua kama dakika ishirini kwa kazi ya saa mbili na nusu, mmoja baada ya mwingine, mwingine amesimama anamtazama. Sina maneno ya kutosha kuieleza theluji inayopasuka mbele ya magoti bila sauti. Niliimba.

Tukisubiri basi St. Antönien, alinionyesha mlima wa Chüenihorn ulio juu ya kijiji, safu kwa safu za uzio wa chuma wa kuzuia maporomoko, na nyumba za zamani ambazo zimejengewa kabari ya mawe na udongo upande wa mlima ili theluji igawanyike. Wenyeji wa pale hawaoni aibu kuuogopa mlima.

Tangu siku ile tuna desturi: kila tukisimama, anayejua kidogo ndiye anayesema kwanza anachokiona, kisha anayejua zaidi. Neno la mmoja wetu la kurudi halijadiliwi. Hiyo mnaweza kuichukua kuanzia safari yenu ya kwanza, haihitaji kodi wala kozi. Mkifika nyumbani, betri za LVS zitazameni, na ngozi zianikeni mbali na hita, gundi haipendi joto.