Barua kwa mwanangu: na wewe, nani atakuuguza?

Mwanangu Ilunga,

Umeniuliza neno moja tu: "Mama, nimpe baba mdogo kipande cha ini langu, au nikatae?" Tena unataka jibu kabla ya Jumapili, kwa kuwa Jumapili familia ya baba yako inakutana Kampemba. Nitakujibu. Lakini nawe niambie kwanza: ukishapasuliwa, nani atakuuguza wewe? Simuulizii yeye, yeye ana watu. Neno langu unalijua: anayetoa naye ni mgonjwa.

Mwaka ule mjomba wako Kasongo alipougua ulikuwa unajiandaa kwa mtihani wa serikali, ndiyo maana mengi tulikuficha. Ulimwona na macho ya njano na tumbo limejaa maji, na ulijua amekatazwa chumvi, kwa sababu alilalamikia makayabo yake, samaki wa chumvi, kwa kila aliyeingia. Usiku hukuuona. Alikuwa akiamka saa nane, anavaa koti la kazi ndani nje, anakaa mlangoni akiuliza gari la kampuni ya madini, Gécamines, limefika wapi, naye alishaacha kazi zamani. Mchana kutwa analala. Hapo ndipo minong'ono ya uchawi ilipoanza, na wengine wakamtaja kwa jina yule mama mzee wa nyumba ya nyuma. Daktari ndiye aliyetufungua macho: ini likishindwa kusafisha damu, sumu ya tumboni inapanda kichwani. Akampa laktulosi, dawa tamu ya maji ya kumharisha, ili sumu itoke kwa choo. Akili ikarudi. Kwa yule mama mzee hakuna aliyekwenda kuomba radhi.

Basi akapatikana wa kutoa, mama yako mdogo Feza. Upasuaji ulikuwa India, na huko mgeni hapewi ini na mtu yeyote tu. Wana sheria yao tangu 1994, karatasi za undugu zinapita ubalozi, halafu kamati inamketisha mtoaji na kumuuliza kama amelazimishwa au amelipwa. Feza akasema hapana. Alisema kweli? Nakumbuka jinsi kaka zetu walivyomzunguka kwenye kikao, kila mmoja akiwa na sababu yake ya shinikizo la damu au sukari. Lakini pia nakumbuka usiku ule alinipigia mimi dada yake mkubwa akasema, "Yaya, hata wangenyamaza ningekwenda." Yote mawili nimeyasikia kwa masikio yangu, na mpaka leo sijui lipi lilizidi uzito.

Siku ya kurudi, uwanja wa ndege wa Luano tulikwenda na sare za kitenge na matarumbeta. Kasongo akapewa kiti cha mbele kwenye gari zuri. Feza akapandishwa basi dogo la nyuma, mkono mmoja ubavuni, wa pili kwenye valizi yake mwenyewe, na mashimo ya barabara unayajua. Tulipofika watu wakaanza kucheza, nikamtafuta simwoni. Nikamkuta uani, kwenye moto, anasonga bukari ya umati wote ule. Mtu aliyekatwa zaidi ya nusu ya ini, aliyetolewa na nyongo, aliyekatazwa kuinua hata ndoo ya maji! Wifi yangu, mke wa Kasongo mwenyewe, alikuwa amemwambia, "Wewe si mgonjwa, mgonjwa yuko sebuleni."

Nilimnyang'anya Feza mwiko, nikaushindilia mkononi mwa wifi mbele ya wakwe na mchungaji, nikamwambia asonge yeye. Unga ulimrukia hadi kwenye mikufu. Watu wanasema niliharibu sherehe. Niliharibu, ndiyo, na nikiikumbuka ile mikufu nacheka peke yangu jikoni. Kisha namkumbuka Feza alivyoegemea ukuta, midomo imekauka, ananiambia "acha, Yaya, acha", na kicheko kinaniishia.

Wanakwambia ini hukua tena, na ni kweli. Ndani ya miezi miwili mitatu linakaribia ukubwa wake wa zamani. Misuli ya tumbo ndiyo haina habari hiyo. Kifo cha mtoaji ni nadra, lakini kipo: madaktari hutaja mmoja kati ya watu mia mbili hadi mia tano. Wewe una mtoto wa wiki tano.

Lakini nisimdhulumu Kasongo. Yu hai. Harusi ya dada yako alicheza. Kila asubuhi na kila jioni, saa ile ile, anameza takrolimasi yake, maana bila hiyo mwili ungelishambulia ini la Feza kama adui, na ataimeza maisha yake yote. Balungi hagusi, linavuruga dawa. Homa ikimshika haendi kwa mitishamba, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kila nikitaka kusema haikustahili, namwona huyo anapita na kofia yake. Nikimuuliza Feza, ananiambia angetoa tena. Ila kwenye nyumba ya Kasongo hagusi chakula.

Baba yako mdogo ini lake limeharibiwa na homa ya ini aina ya B. Hata akibadilishwa, dawa za kuzuia virusi ataendelea nazo, la sivyo vitalirudia hilo jipya. Wewe upimwe kwanza, na mkeo pia. Na mjukuu wangu asikose chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kinga ya B imo humo.

Sasa, nimpe au nisimpe? Ulimi unaniwasha, baba. Jumapili watakukumbusha kwamba yeye ndiye aliyekulipia shule baba yako alipofariki. Ni kweli alilipa, nami namshukuru kila siku. Lakini ada ya shule hailipwi kwa nyama ya mwili... Haya, naona nimeanza kujibu. Naacha. Nikisema mpe nawe ukafia kule, au nikisema usimpe tukamzika yeye, kwa vyovyote nitakuwa nimekuamulia mwili usio wangu.

Nitakwambia hili tu: kabla hawajaanza kuhesabu dola za tiketi, waulize mbele ya wote ni nani atalala kando ya kitanda chako, na ni nani atalipa nyumba yako Kolwezi miezi usiyofanya kazi. Wakitazamana, umewaona. Na ukifika huko moyo ukageuka, mwambie daktari ukiwa naye peke yako. Wana desturi ya kuwaambia ndugu kwamba vipimo havikukubali, basi, na hakuna atakayejua.

Mke wako anipigie yeye mwenyewe, usimsemee. Nataka kujua kama mama yake anaweza kukaa naye na mtoto, maana pasipoti yangu imeisha muda na Jumatatu nakwenda kupiga picha.

Mama yako