Unataka kufuatilia ndege za mabomu zilizoanguka? Anza na watu, chuma kitakusubiri

Juzi nimepata meseji kwa dada mmoja yuko Leeds, kaona picha zangu za milimani nimekaa pembeni ya injini ya ndege iliyozama kwenye matope meusi, akaniuliza "kaka na mimi nataka kuanza kufuatilia hizi ndege za vita, nianzie mlima gani?" Nikamjibu kifupi maana nilikuwa naingia shifti, ila usiku kucha nikawa nawaza lile jibu halijanitosha hata mimi. Ukianza na mlima utaishia kupiga selfi na mabati. Anza na watu waliokuwemo ndani.

Kwa wageni: mimi ni mtu wa Muheza, nafanya kazi ya ghala usiku huku kaskazini mwa Uingereza, wikiendi napanda milima ya Peak District. Huko juu kumejaa mabaki ya ndege za vita vya pili. Vijana walikuwa wanafanya mazoezi usiku, ukungu umeshuka, hakuna taa chini sababu ya vita, msoma ramani anadhani wameshavuka milima kumbe bado, basi. Wengi wao hata Ujerumani hawakuwahi kufika.

Sasa nianze na lililoniuma. Kwenye kikundi fulani cha wapenda historia jamaa mmoja aliniuliza mbele za watu, tena anacheka, hizi ndege zinakuhusu nini wewe? Na wenzake wakacheka. Sikumjibu. Ni muda sasa lakini nikikumbuka nasikia joto masikioni, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mshaulizwa swali kama hilo kwenye jambo lingine. Mwaka huu nimemjibu kwa vitendo, ngoja nisimulie.

Kanisani kwetu kuna mama wa kizungu, mtu mzima sana, baba yake alikuwa injinia kwenye ndege ya Halifax, akafa mama yuko tumboni. Maisha yake yote alikuwa na vitu viwili tu, picha moja na namba ya kaburi la Reichswald kule Ujerumani karibu na mpaka wa Uholanzi. Hakuwahi kujua baba yake alikuwa na nani usiku ule. Mimi nikamwambia mama, nipe tarehe na namba ya skwadroni (kikosi chake cha ndege), mengine niachie.

Ndege kubwa za Waingereza, Lancaster na Halifax, kwa kawaida zilibeba watu saba: rubani, injinia, msoma ramani, mdondosha mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani peke yake kwenye baridi. Kwa hiyo ukishampata mmoja umewapata wote, na hii ndo siri ya kazi nzima. Nenda tovuti ya CWGC, hiyo tume inayotunza makaburi ya vita (hata yale ya Dar na Taveta ni yao), usitafute kwa jina, tafuta kwa tarehe na skwadroni. Majina yatajipanga yenyewe. Halafu angalia namba za makaburi. Wakiwa wamepangana mmoja baada ya mwingine, kila mtu na lake, maana yake aliyewazika aliweza kuwatenganisha. Ukiona wameandikiwa kaburi la pamoja, ndugu yangu, hapo tulia kidogo kabla hujaendelea, maana unajua ndege iliangukaje.

Na tarehe, jamani tarehe! Usiangalie siku moja, angalia mbili. Shambulio la Nuremberg ndege ziliondoka usiku wa tarehe 30 Machi 1944, nyingi zikaangushwa ishakuwa 31, ndege 95 hazikurudi kwa usiku mmoja. Ukitafuta tarehe 30 peke yake utawaacha wengi nje utadhani faili limepotea.

Kwa yule mama nilipata majina sita. Sita, wakati ndege ni ya watu saba! Hapo ndo moyo ukaanza kwenda mbio maana ina maana mmoja hakufa. Nikaenda kwenye kitabu cha skwadroni, ile kumbukumbu ya kila siku iliyoko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, London, mafungu ya AIR 27, unaweza kuzisoma mtandaoni. Mle kila ndege ina mstari wake, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na kwa isiyorudi sehemu ya saa inabaki wazi wameandika tu haikusikika tena. Jina la saba lilikuwa la mdondosha mabomu. Aliruka na parachuti, akakamatwa, akarudi nyumbani mwaka 1945.

Waliorudi kutoka kambi za wafungwa walijazishwa fomu za maswali, ndege ilipigwaje, nani ulimwona mara ya mwisho, nani alijibu kwenye intakomu. Fomu yake nimeipata. Kaandika kwa penseli, mwandiko umelala kama umechoka, kwamba injinia ndiye aliyempa parachuti yake na kumsaidia kuibana kifuani, halafu akageuka kurudi kwa rubani. Mjue zile parachuti, tofauti na ya rubani aliyokuwa anaikalia, wengine hawakuzivaa muda wote, walivaa mikanda tu na mfuko wenyewe unakaa pembeni, una ndoano mbili za kubana kifuani. Kwenye giza, ndege inawaka inayumba, kuzipata zile ndoano mbili si mchezo.

Nikamsomea yule mama sebuleni kwake. Sitaeleza alivyokuwa, ni mambo yake. Ila mimi mtoto wa Muheza ndo niliyemsomea, si yule jamaa na kikundi chake ambao wana kabati zima la vipande vya chuma wamevipanga kwa namba na hawajui jina la mtu hata mmoja.

Na kwa wanaouliza mwafrika anatafuta nini humu, wamjue Johnny Smythe wa Freetown. Alikuwa msoma ramani kwenye Stirling, ndege nyingine kubwa ya mabomu, ya skwadroni namba 623, wakapigwa Novemba 1943, akaruka na majeraha mwilini, akajificha ghalani, Wajerumani walipomkamata walishangaa kukuta ofisa mweusi. Alikaa kambi ya wafungwa ya Stalag Luft I mpaka Warusi walipofika, baadae akawa mwanasheria mkuu wa Sierra Leone. Wamjue na Cy Grant, wa Guyana, Lancaster yake ya skwadroni 103 ilidondoka Uholanzi Juni 1943 wakitoka Gelsenkirchen, wenzake wawili wakafa, na ndege ikaangukia nyumba ya mkulima ikaua mke wake. Mtoto wa Kiholanzi wa miaka 11 aliona, akakua na lile jambo kichwani, uzeeni akaanza kutafuta nani walikuwemo. Ndo akampata Grant mwenyewe yuko hai London! Angetafuta chuma angepata chuma.

Hizi ndege ni zetu pia wadau. Acheni kuomba ruhusa ya kupenda historia.

Nirudi kwenye ushauri maana nimeanza kuhubiri. Watu wengi wakija Peak District wanakimbilia mlima wa Bleaklow kuona ile B-29 ya Wamarekani inayoitwa Over Exposed, kweli mabaki yake ni mengi, injini zimelala wazi, kuna misalaba midogo ya mbao watu wameichomeka. Wanarudi wanaandika "ndege ya vita vya pili". Hapana. Ilianguka tarehe 3 Novemba 1948, vita vimeisha miaka mitatu, watu 13 wakafa. Sio kosa kwenda, nendeni, lakini someni kwanza. Na hapohapo karibu, James's Thorn, kuna Lancaster ya Wakanada KB993 ambayo wengi wanaipita, ilianguka tarehe 18 Mei 1945, siku kumi baada ya watu kucheza barabarani kwamba Ulaya amani imerudi. Vijana sita, wote wakafa. Mimi hiyo ndo inaninyong'onyesha zaidi, kuvuka vita nzima halafu unafia mazoezini.

Msiokote kitu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege zote za kijeshi, kuchimba bila leseni ni kosa, na hata kipande kidogo chenye namba kikiondoka pale na maelezo yake yameondoka. Nimemwona mtu mzima na akili zake anatia kipande cha bawa kwenye begi nikamwambia, akaniangalia tu kama sijasema kitu.

Halafu kuna wanaosema ukiipata ndege umepata kila kitu. Wasome habari ya Lady Be Good. Hii ilikuwa B-24 ya Marekani, iliondoka Soluch karibu na Benghazi, Libya, tarehe 4 Aprili 1943 kwenda Naples, Italia, watu tisa, safari yao ya kwanza pamoja. Kurudi usiku wakapita juu ya uwanja wao bila kujua, wakaingia jangwani mafuta yakawaishia, wakaruka. Ndege ikaendelea peke yake ikatua kwa tumbo. Watafuta mafuta waliiona mwaka 1958, na waliofika mwaka uliofuata walikuta bunduki bado zinaweza kupiga, redio inafanya kazi, maji yapo, na mtu hakuna hata mmoja. Ndege nzima hiyo haikumwambia mtu chochote! Habari ilikuja mwaka 1960 ilipopatikana miili ya watano, na shajara ndogo ya rubani msaidizi Robert Toner. Mle ndo tukajua walitembea siku nane na chupa moja ya maji, wakienda kaskazini, wakati ndege yenye maji na chakula ilikuwa nyuma yao upande wa kusini. Vernon Moore mpaka leo hajatambuliwa alipo.

Waingereza wenyewe baada ya vita walikuwa na maofisa wanaozunguka Ulaya kijiji kwa kijiji kutafuta waliopotea, orodha ilikuwa na watu 41,881, na kufikia 1950 zaidi ya 23,000 walipatiwa makaburi yenye majina. Waliwatambua kwa alama za dobi kwenye kola ya shati, namba ya injini, kiatu. Hao ndo walimu wangu. Vijana waliokufa upande wa Bomber Command, jeshi la ndege za mabomu la Waingereza, peke yao ni 55,573, kati ya kama 125,000 waliopanda, na wote walijitolea. Hutaisha kazi.

La mwisho ambalo halisemwi sana, na linaokoa hela. Ukishapata majina ya wote, angalia kama kuna Muaustralia. Ndege za Waingereza zilichanganya watu, Wakanada, Waaustralia, hata Wanyuzilandi, na nyaraka za taifa za Australia wana mafaili ya vifo, mafungu ya A705, mengi yamepigwa picha unasoma bure kabisa, na faili la mmoja lina habari za wenzake wote. Kwenye ile Halifax alikuwepo mmoja, yule wa mkiani. Nalisoma faili lake sasa hivi, kuna barua za mama yake anaulizia saa ya mkononi ya mwanawe, barua baada ya barua, na majibu ya ofisi yameandikwa kwa mashine kwa adabu yote. Kwenye simu kurasa zinagoma kufunguka, tumia kompyuta.