Komunyo ya Kwanza Ireland: usisubiri shule ikuite

Mwezi huu nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Bukavu anayeishi Ireland. Binti yake wa miaka 8 anasoma shule ya Kikatoliki, kila wiki anarudi na kazi ya dini kwenye daftari, na mama aliamini siku ya Komunyo ikikaribia shule itamjulisha. Mei ikafika, wenzake wakavaa magauni meupe, yeye akabaki na nguo zake za kila siku. Ujumbe wa namna hii umenifikia mara nyingi, na kila mara unaniuma, kwa sababu wazazi hawa imani wanayo na hela ya gauni wangeitafuta. Walichokosa ni kuambiwa mlango wa kubisha.

Kwetu mtoto anaandikishwa mafundisho. Katekista ana orodha yake, anamfuatilia, anamuuliza sala mbele ya paroko, na asiyezijua anasubiri mwaka mwingine. Ireland wamepita njia nyingine. Karibu shule 9 kati ya 10 za msingi ziko chini ya Kanisa Katoliki, askofu akiwa mlezi wake kisheria, na dini inafundishwa na mwalimu wa darasa, kwa kawaida kama nusu saa kwa siku. Mafundisho yapo, basi. Lakini sakramenti ni ya parokia, na majimbo kadhaa ya Kanisa, Dublin likiwamo, yamehamisha uandikishaji na sehemu kubwa ya maandalizi kutoka shuleni kwenda parokia na familia. Tena tangu 2018 sheria haiziruhusu shule za msingi za Kikatoliki kuangalia ubatizo zinapopokea wanafunzi. Mwalimu mkuu anaweza kukaa na mwanao miaka 8 bila kujua kama amebatizwa. Kukaa darasani hakumweki mtoto kwenye orodha ya paroko. Anayemweka ni wewe.

Hesabu madarasa vizuri, maana hapa wengi wanakosea. Mtoto anaanza Junior Infants akiwa na miaka 4 au 5, anaingia Senior Infants, ndipo First Class. Kwa hiyo Second Class ni mwaka wake wa nne shuleni, akiwa na miaka 7 au 8, na ndio mwaka wa Kitubio na Komunyo ya Kwanza. Kipaimara ni Sixth Class, mwaka wa mwisho wa msingi.

Nenda ofisi ya parokia Septemba, mwezi uleule mtoto anapoingia Second Class. Parokia nyingi hugawa fomu kati ya Septemba na Oktoba, huita wazazi kwenye kikao cha jioni, kisha hufanya Misa ya kuwatambulisha watoto kwa waamini. Baada ya hapo huwa kuna Misa moja ya Jumapili kila mwezi iliyopangwa kwa ajili ya watoto hao na wazazi wao. Kitubio cha kwanza mara nyingi huwekwa Kwaresima, na Komunyo Jumamosi mojawapo ya Mei. Usikose kikao cha jioni. Ndiko zinakotajwa tarehe, idadi ya viti kwa kila familia, nani ataruhusiwa kupiga picha na karatasi za kusaini. Parokia ni ile unayoishi. Kama shule iko parokia nyingine, uliza mapema mtoto atapokelea wapi, ili asije akahesabiwa kote kuwili au asihesabiwe kokote.

Sasa cheti cha ubatizo, ambacho ndicho kinachowakwamisha watu wetu kuliko kingine chochote. Cheti cha kuzaliwa hakisaidii hapa. Kinachotakiwa ni karatasi ya parokia alikobatizwa, yenye jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe, jina la padre, namba ya daftari na muhuri. Kama una kadi ya zamani ya ubatizo yenye namba, ipige picha leo na uihifadhi sehemu mbili. Kama huna, mtume ndugu aende parokia ile akiwa na jina kamili la mtoto kama lilivyoandikwa siku ya ubatizo, mwaka, na jina la msimamizi. Bila mwaka, karani atafungua madaftari mpaka achoke, na atakwambia jina halipo. Anza miezi 4 au 5 kabla.

Majina nayo husumbua. Kadi inasema Maria Neema, karatasi za uhamiaji zinasema Neema pamoja na jina la babu. Jaza fomu kwa jina la kadi, halafu peleka karatasi zote mbili kwa pamoja ili ofisi ione ni mtoto yuleyule. Na kama daftari liliungua au parokia ilikimbiwa wakati wa vita, usikate tamaa wala usimbatize mtoto mara ya pili. Sheria ya Kanisa, kanuni 876, inakubali tamko la shahidi mmoja tu anayeaminika aliyekuwapo. Msimamizi wa ubatizo anatosha. Mwambie paroko waziwazi, aandikishe tamko hilo.

Mtoto ambaye hajabatizwa kabisa na ameshafika miaka 7 ana utaratibu wake, kwa hiyo mpeleke kwa paroko mapema zaidi ya wengine.

Kwa upande wa mafundisho, mwalimu atafanya sehemu yake. Mtoto atarudi nyumbani anafanya ishara ya msalaba kwa Kiairish, In ainm an Athar, na wewe utabaki umemkodolea macho. Mwache, ni sala halali. Lakini mfundishe na ya kwenu, Kwa jina la Baba, asije akakua akidhani Mungu hasikii Kiswahili. Kwa Kitubio, jizoezeni nyumbani kwa lugha atakayoungamia. Mtoto mgeni husahau sala ya kutubu kwa woga, hivyo mwandikie kwenye kadi ndogo aingie nayo. Mapadre huwa hawana shida na hilo. Dhambi zake usimwandikie wewe.

Kupokea kunahitaji mazoezi ya mikono. Kiganja cha kushoto juu, cha kulia chini yake, viganja vimetandazwa. Aseme Amina kwanza, achukue hostia kwa mkono wa kulia, aile palepale kabla hajaondoka. Watoto hukosea kwa kukunja vidole kama wanaopokea peremende, na hostia inateleza. Hostia nayo huganda kaakaani, na mtoto asiyeonywa ataingiza kidole mdomoni mbele ya kanisa zima. Omba hostia isiyowekwa wakfu mfanyie majaribio. Saa moja kabla ya kupokea asile kitu isipokuwa maji na dawa, kwa hiyo Misa ikiwa saa 5 asubuhi, uji unywewe saa 3. Kama mwili wake haupatani na ngano, toa taarifa wiki kadhaa kabla. Zipo hostia za ngano iliyopunguzwa sana gluteni, zinawekwa chombo cha peke yake, lakini lazima padre ajue anayezihitaji ni nani. Asiyeweza hata hizo hupokea Damu ya Kristo kwenye kikombe.

Kuhusu gauni nitasema machache. Shela, viatu, karamu, ngome ya upepo ya watoto kurukia uani, hakuna hata kimoja kinachodaiwa na Kanisa. Msikope. Mkikwama, chama cha Vinsenti wa Paulo (St Vincent de Paul), cha Wakatoliki wanaosaidia wenye shida, kipo karibu kila mahali Ireland na kinasaidia bila kuuliza mengi. Na wazazi wenzangu, Jumapili inayofuata Komunyo mrudini kanisani. Makanisa hujaa Jumamosi ile, wiki inayofuata mabenchi matupu. Mtoto anaona.

Kipaimara kinataka msimamizi aliyefikisha miaka 16, Mkatoliki aliyekwisha pata Kipaimara, asiwe baba wala mama. Kama wa ubatizo yuko Goma, tafuta mwingine atakayekuwapo siku hiyo, maana ndiye anayeweka mkono begani mwa mtoto. Nywele zisifunike paji la uso, ndiko krisma, mafuta matakatifu, inakopakwa. Parokia nyingi pia huwasimamisha watoto waahidi kutokunywa pombe mpaka miaka 18, basi mzungumze nyumbani kabla, aahidi kitu anachokielewa. Baadaye hakikisha taarifa imetumwa parokia alikobatizwa. Isipoandikwa kule, atahangaika siku ya kufunga ndoa.

Mama wa Bukavu, binti yako hajachelewa. Nenda ofisini wiki hii na kadi yake, sema yuko Third Class na hajapokea. Paroko anaweza kumpa mafundisho ya wiki chache na mtu wa parokia, aungame, kisha apokee kwenye Misa ya Jumapili ya kawaida, hata Novemba. Wakikwambia asubiri Mei, uliza kwa heshima kama inawezekana mapema zaidi.